Tangi la Gari la Wakfu: Safari ya Pili ya Rungwa

Anayetoka Singida kwenda Rungwa huiacha barabara kuu katika njia panda ya Mkiwa, akapita Itigi penye stesheni ya Reli ya Kati, kisha akashika njia ya kusini. Kutoka Mkiwa hadi Makongolosi wilayani Chunya ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni pori. Kwanza msafiri hukutana na vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mbuzi hupita kwa taabu. Wataalamu wa mimea huvijua vichaka hivi, kwani aina yake haipatikani penginepo isipokuwa upande wa Sumbu, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Baada yake huanza miombo, na mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya miti kama magogo yaliyosahauliwa. Ukikaribia Pori la Akiba la Rungwa, ndorobo huliandama gari kwa sababu linatembea, nao hawaoni haya kuingia. Sisi hufunga vioo vyote na kuvumilia joto.

Njia hii tunaipita kila mwaka wakati wa kiangazi, kwa maana masika huwa haipitiki kwa uzito tunaoubeba. Kamati ya msikiti wetu hupeleka misahafu, juzuu za watoto, mikeka na walimu wawili watakaokaa wiki moja na ndugu zetu wa vijiji vya mbali, wafugaji, warina asali na wakulima wa tumbaku. Gari letu ni Land Cruiser la zamani la mlango wa nyuma, lenye injini ya dizeli ya silinda 6 ambayo mafundi huiita kwa herufi zake, 1HZ. Liliwekwa wakfu na bibi mmoja wa mjini kwetu kwa ajili ya marehemu mumewe, kwa masharti matatu aliyotamka mbele ya mashahidi: libebe walimu, libebe wagonjwa, libebe majeneza.

Tangi lake lilikuwa la lita 90. Mjini lita 90 ni mafuta ya siku nyingi. Njia ya Rungwa ni habari nyingine. Katika mchanga, gari likiwa limejaa watu na mizigo na gia ya nguvu ikiwa imeingizwa mara kwa mara, daftari letu linaonesha wastani wa kilomita 5 kwa lita. Kutoka Itigi hadi kijiji cha mwisho tunachokifikia na kurudi, kwa kuingia vijia vyote, mita ya gari imetuandikia kilomita 548. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Tulikuwa tukiikamilisha hesabu hiyo kwa madumu mawili ya lita 20, yakisafiri ndani ya gari pamoja na abiria.

Wapo watakaosema kwamba huko njiani mafuta yanapatikana. Yanapatikana, ila ni petroli ya bodaboda inayouzwa kwa chupa. Dizeli huwa kwa mwenye mashine ya kusaga pekee, naye ameinunua kwa ajili ya mashine yake. Ukimbembeleza akakuuzia, huna hakika kama haikuchanganywa na mafuta ya taa au haikuingia maji.

Safari ya mwaka jana, mwezi wa Safar, dumu moja lilipasuka kwenye mshono. Hatukulijua hilo mapema, kwani vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya ndorobo na sote tulikwisha kuizoea harufu ya dizeli. Tulipofungua mlango wa nyuma tulikuta mafuta yamelowesha mikeka, unga na boksi moja la juzuu amma. Tulizitoa juzuu moja moja, tukazianika juu ya boneti, na hatukuzungumza sana. Mwalimu mmoja alikuwa amekaa karibu na lile dumu, akatapika hadi magharibi.

Hayo yangekuwa hasara ya mali, nayo hulipwa. Tulipofika kijiji cha mwisho tulikuwa na lita zisizozidi 55, na kurudi Itigi kulihitaji hizo hizo. Usiku baada ya isha alikuja kijana kwa bodaboda kutoka kitongoji kilichoko kilomita 35 ndani ya pori. Mkewe alikuwa katika uchungu tangu alfajiri na mkunga wa kijijini alikwisha kukata tamaa. Alisikia kwamba gari la msikiti limefika.

Kwenda na kurudi kitongojini ni kilomita 70, yaani lita 14 kwa uchache. Tukimfuata yule mama, tutamchukua, kisha tutakwama naye katikati ya pori la akiba, usiku, penye tembo. Injini ya dizeli ikimaliza mafuta haitoshi kuongeza tu ikawaka, maana hewa huingia kwenye mirija na huna budi kuitoa kwa pampu ya mkono juu ya filta. Dereva wetu, mzee ambaye wote tunamwita Babu, alitueleza hayo kwa sauti ya chini ili kijana asisikie. Alisikia.

Tulimtuma mwenye bodaboda na dumu tupu aende kwa mwenye mashine ya kusaga wa kijiji tulichokuwa tumekipita. Alirudi baada ya saa sita akiwa na lita 15. Tuliondoka wakati wa kuadhini alfajiri. Mama yule tulimfikisha Itigi hospitalini akiwa hai, na alhamdulillah yu hai hadi leo. Mtoto hakuishi.

Hatusemi kwamba mtoto alifariki kwa sababu ya lita 14 za dizeli. Ajali ya kila nafsi iko kwa Mola wake, na daktari naye hakutuambia kwamba saa sita zile zingebadili jambo. Lakini tuliporudi Singida hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kukaa vizuri katika kikao cha kamati. Kila aliyesoma madrasa anakijua kisa cha bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, na jibu alilopewa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Kisa hicho tunakifundisha kwa watoto, na ngamia wetu wenyewe hatukuwa tumemfunga.

Pendekezo la tangi kubwa lililetwa na Babu. Mhazini alilipinga, na haki yake tunaikiri: paa la msikiti lilikuwa linavuja upande wa wanawake, na fedha iliyokuwepo ilikuwa ya paa. Fedha iliyochangwa kwa jambo moja haihamishwi kwenda jambo jingine kwa kura ya kamati, hata jambo la pili liwe zuri kiasi gani. Kwa hiyo tulianza mchango mpya, wa tangi peke yake, na kina mama waliokuwa wakilowa mvua katika swala walikuwa wa kwanza kuchangia.

Lilibaki swali la kifiqhi. Je, inafaa kubadili kiungo cha gari la wakfu? Tuliyoyasoma chuoni katika mlango wa wakfu ni kwamba asili huzuiliwa na manufaa hutolewa, na kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa maadamu haliendi kinyume na sheria. Msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kufanya apendavyo, ila ana wajibu wa kulinda lengo lake. Shehe wetu alituagiza twende kwanza kwa bibi mwenyewe, kwa adabu, kabla ya kufungua vitabu. Tulimkuta barazani akichambua mchele. Tulimsalimu, tukamweleza kila kitu, pamoja na habari ya mtoto. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wanangu, mimi nilitoa gari lifike kwa watu. Lisipofika, basi nimewapa chuma." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Huko Australia, kwenye majangwa ambako kituo kimoja cha mafuta kiko mbali sana na kingine, vipo viwanda vinavyotengeneza matangi makubwa ya kubadilishia ya magari ya namna hii, yaliyopimwa yakae sawasawa mahali pa tangi la zamani. Tuliulizia. Bei pamoja na usafiri na ushuru ilikuwa nje kabisa ya uwezo wetu, kwa hiyo tukaenda gereji za mjini kwetu.

Hapa inatupasa kuungama kosa letu. Fundi wa kwanza alituambia shilingi 480,000, wa pili alitaka zaidi ya mara mbili. Tulichukua wa kwanza, tukajipongeza kwa kuhifadhi mali ya Waislamu. Alilitengeneza tangi kwa bati linalong'aa, lile lililopakwa zinki lisishike kutu, nasi tulipoliona linameremeta tulidhani tumepata kitu bora. Babu alilitazama akakuna kidevu, lakini hakusema kitu, kwa kuwa kamati ilikwisha kuamua. Baada ya miezi michache gari lilianza kukosa nguvu mlimani. Tukabadili filta. Wiki tatu baadaye filta nyingine ikaziba, na ndani yake mlikuwa na utando mweupe unaoteleza.

Yule fundi wa pili ndiye aliyetueleza. Zinki haipatani na dizeli. Ikikaa ndani yake, hasa panapokuwa na maji kidogo, huungana nayo polepole na kuzaa kitu mfano wa sabuni, nacho huziba filta na hatimaye huharibu nozeli. Kinachofaa kwa dizeli ni chuma cheusi cha kawaida, kisichopakwa kitu kwa ndani. Bati lile linalong'aa lizuri kwa paa, na mhazini hakuacha kutukumbusha kwamba paa ndilo alilolitaka tangu mwanzo.

Tukaanza upya. Safari hii tulikaa gerejini kwa zamu, mwanakamati mmoja kila siku, tukiuliza kila hatua. Kwanza fundi alikataa katakata kulichomelea tangi la zamani ili kulirefusha, kama mmoja wetu alivyopendekeza. Tangi lililowahi kubeba mafuta, hata likiwa tupu na limekaa muda mrefu, ndani yake mna mvuke, na moto wa kuchomelea ukiufikia hulipuka. Wapo mafundi waliopoteza maisha yao namna hiyo. Tunaliandika hili kwa ajili ya vijana wetu walioko gerejini, wasikubali kazi kama hiyo kwa kumwonea mteja haya.

Alikata mabamba ya chuma ya milimita 2, akalipima tangi jipya lifikie lita 160. Ndani aliweka kuta mbili zenye matundu, na hizo ndizo tulizozistaajabia zaidi. Bila kuta hizo, mafuta yote hukimbilia upande mmoja gari linapoinama au kufunga breki, na uzito huo hulisukuma gari na kupasua mishono. Bomba la kuvutia mafuta halikufika chini kabisa. Liliachwa juu kidogo ili maji na uchafu vitue chini yake, na chini aliweka kizibo cha skrubu cha kuvimwaga. Kwa hiyo lita 6 za mwisho hazivutiki, nasi tunazihesabu kama hazipo. Aliweka na mrija wa kurudishia, kwa kuwa pampu ya dizeli hurudisha tangini mafuta yaliyozidi, na mrija wa kupumulia uliopandishwa juu usinywe maji wakati wa kuvuka mto. Kisha akaziba matundu yote, akajaza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli na kupaka povu la sabuni kwenye kila mshono. Mahali pawili povu lilitoa Bubujiko. Alitoa upepo, akachomelea tena, akarudia jaribio hadi povu likatulia.

Tangi la kina kirefu hushuka chini, na njia ya Rungwa ina visiki. Fundi alihakikisha kwamba halishuki kupita kiwango cha difu, akalikinga kwa bamba nene mbele na chini. Springi za nyuma ziliongezwa jani moja kila upande. Dizeli lita moja ina uzito wa gramu 840 hivi, basi lita 70 za ziada ni karibu kilo 60, mbali na chuma chenyewe. Kilo 60 ni mtu mzima mmoja mwembamba. Hilo lilimaanisha kwamba msafara wa watu tisa sharti uwe wa watu wanane. Amir wa msafara alimtazama katibu, akasema kwamba kwa uzito wa katibu tungeweza kuongeza hata tangi la pili. Tulicheka, lakini aliyebaki hatimaye alikuwa amir mwenyewe, kwa hiari yake.

Kazi yote, pamoja na springi, ilifika shilingi 1,150,000. Fundi aliomba achukue tangi la zamani kama sehemu ya malipo. Tulimjibu kwamba tangi hilo ni mali ya wakfu kama lilivyo gari, na halitoki bila kuthaminiwa. Lilithaminiwa na watu wawili wasiohusika, akalinunua kwa bei yao, na fedha ikaingia katika daftari la gari.

Geji ndiyo iliyotusumbua mwishoni. Boya lake lilikuwa la tangi la zamani, na mkono wake haukutosha kina kipya. Badala ya kuamini mshale, tulimwaga mafuta lita 10 kwa lita 10, tukiandika kila mara mshale uliposimama. Ukifika juu kabisa mna lita 120, na hausogei tena hadi zitimie 160. Ukigusa alama nyekundu bado mna 25. Tuliandika jedwali hilo kwenye karatasi, tukalibandika mbele ya usukani.

Mwezi wa Safar mwaka huu tuliondoka Singida baada ya alfajiri. Itigi tulijaza hadi shingoni, lita 160, na ndani ya gari hapakuwa na dumu hata moja. Hewa ilikuwa ya vumbi na ndorobo kama kawaida, lakini mwalimu aliyetapika mwaka jana alilala usingizi hadi Rungwa. Tulisimama kuswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, chini ya mti wenye mizinga mitatu, mmoja wetu akilinda mlio wa nyuki kuliko alivyolinda safu. Hadi hapo mshale wa geji haukuwa umesogea. Babu aliugonga kioo kwa kidole, kisha akalitazama jedwali.

Kijiji cha mwisho tulikifikia siku ya pili. Asubuhi yake tulikwenda kile kitongoji cha kilomita 35, bila kuitwa. Yule kijana alitoka kutupokea. Alitoa salamu, akauliza hali zetu mmoja mmoja, kisha akachutama nyuma ya gari na kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole. "Hili ndilo?" aliuliza. Tukamwambia ndilo. Mkewe alitusalimu kutoka mlangoni, akatuletea asali katika kibuyu na kuwaombea dua waliochangia. Hatukuwa na la kusema, tukaitikia amin.

Tuliporudi kijijini tulikuta kina mama wamekaa mbele ya mashine ya kusaga iliyozimwa. Dizeli ilikwisha siku tatu zilizopita, mwenye mashine alikwenda kuitafuta na hajarudi. Mzee wa kijiji alikuja kwetu kwa heshima. Amesikia kwamba gari la msikiti sasa lina tangi kubwa. Anaomba lita 10 tu, watoto wapate unga.

Jambo hili hatukulifikiria katika kikao chochote. Mafuta yale yalinunuliwa kwa fedha ya wakfu, kwa ajili ya masharti matatu, na kusaga mahindi si mojawapo. Tukitoa kwa huruma mwaka huu, mwakani vijiji vyote vitatungoja na madumu, na siku atakapokuja mwenye mke katika uchungu tutakuwa pale pale tulipokuwa mwaka jana. Tukikataa, tutaketi jioni kula chakula cha watu ambao watoto wao wanakula mahindi ya kuchemsha. Mwalimu mmoja alisema dharura huhalalisha. Mwingine akajibu kuwa hii ni shida, bado si dharura. Babu, ambaye hakusoma chuo, aliuliza kama wakfu unakataza kuuziwa mtu.

Tulisimama katika kauli hii: msafara uyanunue mafuta hayo kutoka kwa wakfu, kwa bei ileile ya Itigi, kwa fedha za mifukoni mwetu, kisha tuyatoe kama sadaka yetu wenyewe. Kwanza tulipiga hesabu ya kurudi, tukaweka kando lita za dharura ya mgonjwa kwenda kitongojini mara moja zaidi, na kilichobaki kiliruhusu lita 10. Shehe wetu tuliporudi alisema angependa tungemshauri kwanza, lakini simu huko haishiki. Suala hilo ameliweka katika ajenda ya kikao kijacho, na tungependa kusikia rai za masheikh wengine.

Mashine ilinguruma hadi magharibi. Siku ya kuondoka hakuna mgonjwa aliyeletwa, tukarudi na viti vyetu vitupu viwili. Itigi tulijaza tena hadi shingoni, na pampu ilisimama kwenye lita 134. Daftari la gari, ukurasa wa safari hiyo, linasomeka hivi: kilomita 618; mafuta ya safari lita 124; mashine ya kusaga lita 10, zimelipwa na watu wanane wa msafara, risiti imeambatishwa.